Siku Ulezi wa Mama Ulipopita kwenye Mashine

Mimi ni mtu wa haraka. Mama husema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono, na kwamba tangu siku hiyo sijapunguza mwendo. Nikiongea na watu nawamalizia sentensi zao, na mara nyingi nazimalizia vibaya. Ofisini kwetu, Sumbawanga mjini, tabia hii imenipatia sifa, kwa sababu faili likifika mezani kwangu halilali. Kijijini kwa mama imenipatia aibu moja, ambayo naisimulia kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu na kwa kuwa jumuiya yake yote ya sala inaijua tayari.

Mama analima ulezi. Analima mahindi na maharage pia, kama kila mtu huku Ufipa, lakini mahindi kwake ni chakula tu. Ulezi ndio wenye heshima. Shamba lake liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoshuka kijitoni, na tangu nipate akili sijaona mwaka ambao halikuwa na ulezi. Wakati wa kuvuna hukata masuke kwa kisu kidogo, moja moja, kisha huyarundika uwanjani yakaushwe na upepo wa Juni na Julai, ule upepo wetu unaopenya sweta mpaka shati la ndani. Yakishakauka ndipo hupurwa.

Huko kupura ndiko kulikonitia hasira. Desturi ni kwamba mwenye ulezi anapika kimpumu, pombe ya ulezi wa mwaka uliopita, ile inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na majirani wanakuja na fimbo zao. Wanajipanga safu mbili zinazotazamana. Safu hii ikipiga, ile inainua, huku wanaimba, na kina mama pembeni wanapeta. Jua likishuka, chungu kinawekwa katikati. Nikiwa mtoto niliamini hakuna sherehe inayoizidi hiyo, na bado naamini hivyo, ila miaka imekwenda. Vijana wamehamia mjini, wengine wanaendesha bodaboda Majengo, na wazee waliobaki wana migongo. Mwaka juzi walikuja watu watano. Walipura kidogo, wakapumzika sana, wakanywa kama watu kumi na watano. Siku tatu baadaye nilipokwenda kumsalimia mama nilimkuta peke yake uwanjani, anapiga rundo lililobaki kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilikuwa limegoma kuinuka.

Nilimnyang'anya fimbo. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, na nilipura hivyo hivyo mpaka viganja vikatoka malengelenge, huku nawagombeza watu ambao hata hawakuwepo. Mama alikaa kwenye gogo akanitazama.

"Unapiga kama unaua nyoka," alisema. "Ulezi haujakukosea kitu."

Siku hiyo niliapa moyoni kwamba mama hatapura tena. Na kwa kuwa kiapo changu hakijui kulala, mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nimeshapata trekta. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Majengo, mtu wa Mbeya, nalo lilizunguka vijijini likivuta mashine ya kupura. Likifika uwanjani linasimama, shafti yake ya nyuma inaunganishwa na mashine, injini inazungusha, na kazi inaanza. Nilimpigia mama simu.

"Mama, mwaka huu naleta mashine."

"Lete."

"Hata huniulizi ni mashine gani?"

"Wewe ukisema unaleta, ujue imeshafika. Nikuulize nini?" Halafu akaongeza, "Ila hiyo mashine, huwa inasubiri?"

Nilicheka. Nikamwambia trekta lina foleni ya watu kijiji kizima, lisubiri nini? Mama akasema sawa, tukaagana. Laiti ningeuliza ana maana gani, hadithi hii ingeishia hapa.

Mashine ilifika Jumamosi asubuhi, ikitokea kwa jirani wa ng'ambo ya kijito. Mama alikuwa ameshakwenda kusali na jumuiya yake, na huko hawamalizi haraka, kwa sababu baada ya sala kuna habari za wagonjwa, na baada ya wagonjwa kuna habari za wazima. Dereva, mwanamume mpole mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio, aliunganisha shafti, akafunga pini, akaniuliza, "Dada, tuanze au tumsubiri mwenye shamba?"

"Tuanze," nilisema. Nilitaka mama arudi akute kazi imekwisha. Niliiona sura yake kabisa kichwani, nikaifurahia kabla haijatokea.

Siwezi kusema uongo, niliipenda ile mashine. Ilinguruma mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Majirani wawili walijaza masuke kwenye mdomo wake wa juu, makapi yakawa yanarushwa upande mmoja kama moshi, na chini, kwenye mdomo mdogo wa bati, ulezi ukatiririka safi juu ya turubai. Mwanzoni kabisa zilitoka punje nyekundu kuliko zetu, kama debe moja hivi. Dereva alisema ni za yule jirani, zilibaki tumboni mwa mashine.

"Haina shida," nilimwambia. "Ulezi ni ulezi."

Rundo ambalo lingewapa watu kazi ya siku tatu liliisha kabla maharage niliyobandika jikoni hayajaiva. Mama alirudi wakati dereva anafungua shafti. Alikuwa na kitenge chake cha jumuiya na rozari shingoni. Dereva akamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia huku macho yake yako kwenye magunia. Akachota ulezi kiganjani, akaupuliza, akatia punje mbili mdomoni.

"Safi," alisema. "Hauna mchanga hata kidogo. Mwanangu, umeniponya bega."

Nilivimba kichwa, sikatai. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumweleza jinsi shafti inavyofanya kazi, mambo niliyoyajua kwa saa mbili tu, nilipoona ameanza kuzunguka pale palipokuwa na rundo. Alitazama chini, akatazama kibarazani, akachungulia nyuma ya gogo.

"Na mbegu yangu umeiweka wapi?"

"Mbegu gani, mama?"

Nimekaa kwenye nyumba ile tangu kuzaliwa mpaka kuolewa. Kila mwaka, kabla fimbo ya kwanza haijainuka, nilimwona mama amekaa kando ya rundo, miguu ameinyoosha, anageuzageuza masuke na mengine anayaweka mapajani, huku wapuraji wanamsubiri na kumtania. Nilidhani anapumzika. Kumbe ndipo alipokuwa anachagua mbegu. Alitafuta yale masuke yaliyojikunja kama ngumi, mazito, ambayo hayajaangusha punje, akayafunga mganda mmoja kwa kamba ya gome na kuutundika juu ya moto jikoni, ambako moshi huwakimbiza wadudu mpaka mvua za kwanza. Mganda wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeshapandwa wote. Na mbegu yenyewe alikuja nayo alipoolewa, ikitoka kwa bibi yangu mzaa mama. Hakuwahi kununua nyingine wala kuichanganya. Watu walikuja kumwomba ulezi wa kimea kutoka vijiji vya mbali, kwa sababu ukiulowesha unachipua wote siku moja.

Haya yote alinieleza pale pale, taratibu, bila kupaza sauti. Nami, badala ya kunyamaza, nikatoa shauri.

"Si uchukue humo kwenye magunia? Chukua gunia zima, mama, uchague."

Alichota kwa mikono miwili, akautandaza juu ya ungo mbele yangu. "Nionyeshe iliyo yangu."

Niliinama. Zilikuwepo punje nyekundu za jirani, na nyingine zilizopasuliwa na mashine. Zilizobaki nzima zote zilifanana.

"Punje ikishatoka kwenye suke haina sura," alisema mama. Akaingia jikoni kumpakulia dereva maharage.

Ningependa angenifokea. Mimi nikigombezwa najua la kufanya, nagombeza na mimi, tunamaliza. Lakini mama alimkaribisha dereva ugali, akamwuliza habari za watoto wake, akamwongezea mboga. Mimi nilikaa nje na vumbi langu kichwani. Dereva alipoondoka, mama alitoka akaniuliza kitu ambacho nilikuwa naomba asikikumbuke.

"Ule mganda niliokufungia siku unaolewa, upo?"

"Upo," nilisema.

"Upo?"

"Upo, mama. Jikoni kwangu, Chanji."

Uso wake ulifunguka, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Akanishika mkono. "Basi haijapotea. Niletee Jumapili ijayo."

Haukuwepo. Mganda ule ulikaa jikoni kwangu huko mjini mwaka na zaidi ukidondosha vumbi kwenye masufuria, na mzaliwa wangu wa kwanza alipofikisha umri wa kuanza uji, asubuhi moja niliyoishiwa unga, niliushusha, nikaupukuchua, nikausaga kwenye blenda. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la tano. Wiki ile nilimtazama kila alipopita mbele yangu, nikawaza kwamba mbegu ya ukoo wangu inakimbia na mpira mguuni.

Jumatatu nilipotoka kazini nilipita sokoni Majengo. Nia yangu haikuwa njema. Nilitaka masuke yoyote, niyafunge mganda, niyatie moshi kidogo. Ulezi ulikuwepo wa kila aina, lakini wote punje, ndani ya ndoo na magunia. Mama mmoja muuzaji alinishangaa. "Masuke? Masuke ya nini dada, kwani unafuga kuku?" Nikaondoka hapo nikijionea haya, maana nilikuwa nimefikia kumtengenezea mama yangu mzazi mbegu bandia.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu. Yeye aliolewa Kasanga, chini ziwani, ambako mumewe anafanya biashara ya samaki, na ana mwaka wa nne huko bila kushika jembe. Kwetu alijulikana kwa uvivu. Akitumwa maji kwa jirani alirudi watu wameshapata kiu mara ya pili, na mama alikuwa akishika kiuno na kusema, huyu ataolewa na nani. Nilimpigia bila matumaini.

"Ule mganda wa ulezi aliokupa mama?"

"Upo."

Niliposikia neno lile sikumwamini, kwa sababu ndilo nililokuwa nimelitumia mimi. "Upo wapi?"

"Juu ya moto, dada, kati ya samaki wa kukausha. Kila siku nasema nitautoa unapata masizi, kila siku nasahau."

Nilikaa chini palepale nilipokuwa. Nikamweleza yote, mashine, jirani, uji, na lile neno langu. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa bado anacheka. "Leo uvivu wangu umekuwa dawa! Njoo uuchukue. Ila mwambie mama ukweli."

"Nitamwambia," nilisema.

Jumamosi niliteremka Kasanga na gari la abiria, huku masikio yananiziba kwa mteremko. Mganda ulikuwa umegeuka mweusi na unang'aa, umelowa mafuta ya samaki wale, migebuka, ya miaka minne. Mdogo wangu aliufunga kwenye gazeti, akauweka mapajani mwangu kama mtoto mchanga, akarudia, "Ukweli, dada." Njia nzima nilijipangia maneno. Abiria wenzangu walidhani nimebeba kitoweo, na mmoja aliuliza nauza bei gani.

Jumapili baada ya misa nilimkuta mama amekaa barazani, ananisubiri. Nikampa. Nilitegemea maneno niliyoyapanga yangetoka yenyewe, lakini nilichokisema ni, "Mama, huu hapa." Akafungua gazeti polepole. Kwanza alitazama kamba. "Fundo ni langu," alisema, na akatabasamu. Akapitisha kidole juu ya masuke. Kisha akauinua mganda mpaka puani, akanusa. Akanusa tena. Akanitazama.

"Siku hizi Chanji kuna ziwa?"

Nikaanza kulia kabla sijajibu, mtu mzima na cheo changu. Nikamwambia ule ni wa mdogo wangu. Wangu niliusaga uji.

"Uji?"

"Wa mtoto, alipoanza kula."

Mama alifikiri kwanza. "Aliunywa?"

"Alimaliza kikombe."

"Basi haukupotea." Akaukunja tena mganda kwenye gazeti, na safari hii hakutabasamu. "Kusaga si neno, mwanangu. Mtoto ana njaa, utafanyaje? Lakini uliniambia upo. Wiki nzima nimelala vizuri kwa ajili ya neno lako."

Sijawahi kugombezwa nikaumia vile. Nilimwomba msamaha kwa magoti, kama nilivyofundishwa, naye akanishika kichwa, akasema niinuke, niache kuchafua nguo ya kanisani. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akajishika mbavu. "Yule mvivu," akawa anasema. "Yule mvivu wangu!"

Lakini hatukuwa na hakika bado. Mbegu iliyokaa miaka minne juu ya moto na mafuta ya samaki inaweza kuwa imekufa. Mama alipukuchua suke moja, akachukua punje chache, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kukiweka karibu na mafiga. Mimi nilirudi kazini, na kila siku nilipiga simu. Siku ya kwanza, bado. Ya pili, bado, na wewe acha haraka zako. Siku ya tatu hakupokea, nikashindwa kula chakula cha mchana. Siku ya nne alipiga mwenyewe.

"Zimeota," alisema. Nilisikia anapumua. "Si zote. Lakini zimeota."

Zilitosha pembe moja tu ya shamba, upande wa kijitoni. Alizipanda kwa mkono wake mvua zilipokaa sawa, akazizungushia miiba kama bustani ya padri, na jirani yeyote aliyepita hapo na mbuzi alisikia habari zake.

Mwaka huu trekta lilikuja tena, na dereva ni yule yule. Nilimwomba mama ruhusa kabla ya kulitafuta, na nilichukua likizo ili niwepo tangu kukata. Masuke ya pembe ile yalirundikwa peke yake, mbali na mengine. Mama hakwenda jumuiya. Jumuiya ndiyo iliyokuja kwake, kwa sababu alipika kimpumu kama zamani ingawa hapakuwa na wa kupura. Wazee walikuja bila fimbo, wakakaa, na kina mama wakaanza ule wimbo wa kupuria, lakini dereva alikuwa ameshawasha mashine na sauti zao zikamezwa.

Mama akamwendea, akamgusa begani. "Mjukuu wangu, huwa inasubiri?"

Dereva akanitazama mimi. Nikamwambia, "Zima." Akazima. Tukaletewa togwa, yeye akakaa kwenye tairi kubwa na kikombe chake, na mashine ikasubiri.

Mama alikaa kando ya rundo dogo, akanyoosha miguu, akapigapiga ardhi ubavuni mwake kunionyesha nikae. Kila suke nililookota nilimwonyesha. La kwanza akasema hapana, limeanza kuachia punje. La pili hapana, jepesi. La tatu alinitaka nilipime mwenyewe kiganjani, nilitazame tumbo lake na shingo yake, nisiwahi kujibu. Ilichukua karibu asubuhi yote, na kina mama walirudia wimbo mpaka dereva akawa anaujua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutamani kitu kiishe.

Alipotosheka alifunga mganda wake, mkubwa, akauweka pembeni. Kisha akafunga miganda mingine miwili midogo, kwa kamba ile ile na fundo lile lile, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Huu ni wa kupanda," alisema, akanikabidhi wa kwanza.

Akanikabidhi na wa pili.

"Na huu ni wa uji."

Kina mama wakaangua kicheko mpaka wimbo ukakatika. Nilipokea yote miwili kwa mikono miwili, nikaikumbatia kifuani, na mama akampungia dereva mkono awashe.